Udugu wa Herufi za Kiyunani

Tarehe 5 Desemba 1776, miezi mitano tu baada ya makoloni ya Kiingereza ya Marekani kutangaza kwamba hayamtambui tena mfalme aliyekuwa ng'ambo ya bahari, vijana watano wa Chuo cha William and Mary, katika mji wa Williamsburg, jimbo la Virginia, walikutana wakaasisi chama cha siri. Na masimulizi yaliyopokewa husema kwamba walikutana katika chumba kilichoitwa Apollo, ndani ya nyumba ya wageni na vileo iliyojulikana kwa jina la Raleigh. Kiongozi wao alikuwa John Heath. Chama wakakiita Phi Beta Kappa, kwa herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiyunani yasemayo kwamba kupenda hekima ndio usukani wa maisha, wakajitengenezea nishani ya fedha, wakalishana yamini, wakafundishana namna ya kupeana mikono ambayo asiyekuwa mwenzao hakuweza kuitambua. Waliyokuwa wakiyafanya baada ya mlango kufungwa hayakuwa ya kutisha: walijadiliana. Miongoni mwa mas'ala waliyoyapambanua kwa hoja ni kama ilikuwa haki kuwatia Waafrika utumwani, na mbele ya nyumba ile ile ya Raleigh watumwa walikuwa wakinadiwa mchana. Msomaji na aliweke hilo akilini, kwa kuwa historia ya vyama hivi haina ukurasa usiokuwa na mtu aliyeketi mezani na mtu mwingine aliyesimama nyuma yake akimhudumia.

Vita vilipokaribia Williamsburg mwaka 1781 chama kilisimama pale kilipozaliwa, walakini kilikuwa kimekwisha kupeleka matawi Yale na Harvard, na huko ndiko kilikodumu. Mwaka 1826, katika jimbo la New York, mtu mmoja aliyetaka kufichua siri za Wamasoni alitoweka asionekane tena, na ghadhabu ya umma dhidi ya kila kitu cha siri ikawaka hata ikafika vyuoni. Basi mwaka 1831 tawi la Harvard likaitupa siri, na tangu hapo Phi Beta Kappa ikawa jamii ya heshima ambayo mwanafunzi haiombi bali huteuliwa kwa ubora wa masomo yake. Siri wakaiokota wengine.

Wengine hao walikwisha kutokea Schenectady, katika Chuo cha Union, ambako tarehe 26 Novemba 1825 John Hart Hunter na wenzake waliunda Kappa Alpha, na kabla ya mwaka 1827 kumalizika vyama viwili vingine, Sigma Phi na Delta Phi, vikasimama kando yake kama mahasimu wanaoigana. Sababu yake haifichiki kwa mtu anayejua maisha ya chuo cha zama zile. Mwanafunzi aliamshwa na kengele ya sala kabla ya jua, akasimama mbele ya mwalimu kukariri Kilatini na Kiyunani alichokihifadhi usiku, akarudi chumbani kukihifadhi cha kesho. Alilindwa, alitozwa faini, aliadhibiwa, na hakuulizwa hata siku moja anafikiri nini. Palikuwapo vyama vikubwa vya majadiliano, vyenye maktaba zao na wasemaji wao, lakini aghalabu vilipokea karibu kila mtu, na jambo linalompokea kila mtu halimpi kijana wa miaka kumi na minane kile anachokitamani kuliko chakula, yaani kuchaguliwa. Mtu wa pwani aliyepata kusimuliwa na wazee habari za vyama vya ngoma ya beni, jinsi Marini na Arinoti walivyokuwa na vyeo vyao, sare zao, mashindano yao na mchango wao wa kuzikana, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Wakuu wa vyuo hawakufurahi. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, ambako vyama vya siri vilipigwa marufuku, wanachama wa Chi Psi walijenga mwaka 1846 kibanda cha magogo msituni, na kibanda hicho huhesabiwa kuwa nyumba ya kwanza iliyopata kumilikiwa na chama cha namna hii. Purdue, jimboni Indiana, mkuu wa chuo aliwataka wanafunzi watie sahihi kwamba hawatajiunga. Kesi ikafika mahakama ya juu ya jimbo, na mwaka 1882 majaji wakaamua kwamba chuo cha umma hakina haki ya kumkatalia mtu kuingia kwa sababu hiyo. Mkuu akajiuzulu mwaka uliofuata. Baada ya hapo idadi ya wanafunzi iliongezeka kuliko mabweni, na vyuo vikaona kwamba vyama vilivyokuwa vikifukuzwa jana vina nyumba, vina wapishi, na vinawalaza vijana bila chuo kutoa senti. Uadui ukageuka kuwa ujirani.

Wanawake walipoanza kuingia vyuoni walikuta milango hii imefungwa, wakajijengea yao: Kappa Alpha Theta, mwaka 1870, kilikuwa cha kwanza cha wanawake kujiita kwa herufi za Kiyunani. Wayahudi nao wakafanya vivyo hivyo kwa sababu iyo hiyo. Maana si siri tena kwamba vyama vingi vikubwa viliandika katika katiba zao kuwa mwanachama sharti awe mzungu, na vingine viliongeza kuwa sharti awe Mkristo. Na ibara hizo ziliishi muda mrefu kuliko wanavyopenda kukumbuka wenyewe, hata mwaka 1948, pale tawi la Phi Kappa Psi katika Chuo cha Amherst lilipothubutu kumpokea mwanafunzi mmoja mweusi, makao makuu yalilifukuza tawi zima.

Faida alizozipata mwana wa tajiri katika nyumba hizi zinajulikana, na mimi sitazirefusha. Alipata chumba kizuri, meza iliyojaa, marafiki wa kucheka nao, na alipohitimu alipata barua ya kumfikisha kwa mtu wa benki au wa mahakama aliyewahi kula kiapo kile kile miaka thelathini kabla yake. Ni faida za kweli, lakini yamkini angezipata bila ya chama, kwa baba yake. Atakaye kupima uzito wa udugu huu na aende kuutazama kwa mtu ambaye, lau si huo, hangepata lolote. Na mahali pazuri pa kuutazama ni Ithaca, mji wa vilima na mabonde ya mawe katika jimbo la New York, kilipo Chuo Kikuu cha Cornell.

Cornell kiliwapokea wanafunzi weusi darasani, na wengine waling'ara: Jessie Fauset, aliyekuja kuwa mwandishi na mhariri mashuhuri, alihitimu hapo mwaka 1905 akiwa ameteuliwa katika Phi Beta Kappa. Walakini kupokewa darasani si kupokewa mjini. Mwanafunzi mweusi alipanga chumba kwa familia za weusi wachache waliokaa bondeni, akapanda kilima kila asubuhi kwenda kusoma, akateremka jioni. Na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwambia mwalimu gani huuliza nini, kitabu gani huazimwa wapi, au mtihani wa mwaka jana ulikuwaje, maarifa ambayo katika nyumba za wazungu yalirithishwa mezani kama chumvi, alishindana akiwa amefungwa mguu mmoja. Husimuliwa kwamba wanafunzi weusi sita waliokuwapo mwaka wa masomo wa 1904 hadi 1905 hawakurudi mwaka uliofuata. Waliobaki na waliokuja wapya waliogopa, wakaanza kukutana kusoma pamoja.

Kundi lao lilianza kama halaka ya kusoma na kuzungumza, chini ya mwanafunzi mkubwa wao, C. C. Poindexter, naye alitaka libaki hivyo. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: aliona kwamba watu weusi hawana desturi ya mambo haya, na kwamba kuiga mavazi ya waliokufungia mlango ni jambo la kutia haya. Vijana waliompinga walikuwa wameyaona mambo kwa karibu zaidi, kwani miongoni mwao walikuwamo waliojilipia masomo kwa kutumika katika nyumba zile zile za wazungu. Walibeba sahani, wakamimina maji, na huku wakisikiliza. Walijua kwamba nguvu ya nyumba ile haikuwa katika nyimbo wala katika kiapo, bali katika kutomwacha mwenzao aanguke mtihani. Poindexter akajitoa, na tarehe 4 Desemba 1906 waliobaki wakakata shauri, wakajiita Alpha Phi Alpha. Walikuwa saba: Henry Arthur Callis, Charles Henry Chapman, Eugene Kinckle Jones, George Biddle Kelley, Nathaniel Allison Murray, Robert Harold Ogle na Vertner Woodson Tandy. Wanachama huwaita Vito Saba, na jina hilo lina kiburi kidogo, lakini ukitazama yaliyowafika saba hao utawasamehe. Callis akawa tabibu na mwalimu wa matabibu. Kelley akawa mhandisi mweusi wa kwanza kusajiliwa katika jimbo la New York. Tandy akawa msanifu majengo mweusi wa kwanza kusajiliwa katika jimbo hilo hilo, naye ndiye aliyechora jumba la Madam C. J. Walker kando ya mto Hudson. Jones akawa katibu mtendaji wa National Urban League, akiwatafutia kazi na makao maelfu waliohama kutoka kusini.

Mwaka 1907 wakafungua tawi Howard, chuo cha watu weusi mjini Washington, na hapo moto ukashika majani makavu. Mwaka 1908 wanawake wa Howard waliunda Alpha Kappa Alpha. Mwaka 1911 vikazaliwa Kappa Alpha Psi huko Indiana na Omega Psi Phi hapo hapo Howard. Mwaka 1913 wanawake ishirini na wawili wakaanzisha Delta Sigma Theta, na kabla ya miezi miwili kutimia, tarehe 3 Machi, walikuwa barabarani Washington katika maandamano ya kudai kura ya wanawake, ingawa baadhi ya wazungu waliokuwa wakiandamana kwa jambo hilo hilo hawakuwataka. Phi Beta Sigma kikafuata mwaka 1914, na Zeta Phi Beta mwaka 1920.

Jambo moja liliwatenga hawa na wale waliowaigiza, nalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha habari yote. Kwa mzungu chama kilikuwa kisa cha ujana. Alipohitimu alikikumbuka, akachanga fedha za kutengeneza paa, akaja kutembea siku ya sherehe. Mweusi alipohitimu ndipo alipokihitaji zaidi, kwa maana alikuwa tabibu asiyepokewa katika hospitali, wakili asiyekaribishwa katika jumuiya ya mawakili, msafiri ambaye katika mji mgeni hakuna hoteli iliyomfungulia. Tangu mwaka 1911 Alpha Phi Alpha kikawa na tawi la waliokwisha kuhitimu huko Louisville, Kentucky, na baada ya hilo mengine mengi, nao walilipa ada, walikutana, walilaza wageni wao, walisomesha watoto wa maskini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kilianza kampeni ya kuwahimiza vijana weusi waendelee na shule ya sekondari na chuo. Katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, Alpha Kappa Alpha kilipeleka waganga na wauguzi wake mashambani Mississippi kila majira ya joto, wakichanja watoto ambao hawakupata kuguswa na tabibu.

Jinsi ada hizo zilivyoweza kutumika, na nionyeshe kwa kisa kimoja. Tarehe 17 Mei 1942, Elmer Henderson, mtumishi wa serikali ya Marekani aliyekuwa akisafiri kwa kazi kutoka Washington kwenda Birmingham, aliingia katika behewa la chakula la treni ya Southern Railway, ilipotangazwa kwamba chakula cha jioni kiko tayari. Kanuni ya reli ilikuwa kwamba meza mbili zilizo karibu na jiko ni za weusi, zikitengwa kwa pazia, ila wazungu wakiwa wengi nao waweza kuketi hapo. Na jioni ile walikuwa wamekwisha kuketi. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Henderson hakupewa. Aliambiwa ataitwa, hakuitwa. Alirudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu, mpaka saa tatu ya usiku behewa lile likafunguliwa kutoka kwenye treni naye hajala. Reli baadaye ikarekebisha kanuni, ikamwekea mtu mweusi meza moja ya viti vinne kati ya viti arubaini na vinne, na pazia likabaki pale pale.

Kesi ya namna hii mtu mmoja haiwezi, kwa kuwa ilimchukua Henderson miaka minane ya tume, rufani na tume tena, na mshahara wa mtumishi wa serikali hauwezi kulipa uchapaji wa majalada, licha ya mawakili. Henderson alikuwa mwanachama wa Alpha Phi Alpha; chama kikaichukua kesi na gharama zake, na mkuu wa chama kwa wakati huo, wakili Belford Lawson, ndiye aliyesimama mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani kuitetea. Hukumu ilitoka tarehe 5 Juni 1950, majaji wote walioisikiliza wakiwa kauli moja: pazia, kizuizi na kibao vinasisitiza tofauti isiyokuwa na maana baina ya abiria waliolipa nauli sawa, na sheria ya biashara ya majimbo haiviruhusu. Miaka kumi na minne kabla ya hapo, mahakama ya Maryland ilikwisha kuufungua mlango wa shule ya sheria ya jimbo kwa kijana aliyekataliwa kwa rangi yake, na mawakili wake, Charles Hamilton Houston na Thurgood Marshall, walikuwa wote wawili ndugu wa chama hicho hicho.

Habari hizi zilifika mpaka Afrika, tena si kwa barua. Nnamdi Azikiwe, aliyesoma Storer, Howard na Lincoln akaja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria, na Kwame Nkrumah, aliyefika Lincoln mwaka 1935 bila ya fedha za kutosha akaja kuiongoza Ghana kupata uhuru mwaka 1957, walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma. Sisemi kwamba vyama vya siasa vya Accra na Lagos vilizaliwa katika nyumba za wanafunzi wa Marekani. Lakini mtu aliyejifunza ujanani kuendesha kikao kwa kanuni, kutunza daftari la michango, na kumwita ndugu mtu asiyekuwa wa kabila lake, hakurudi kwao mikono mitupu.

Lazima sasa niseme na ubaya wake, kwani upo na ni wa kale. Katika mji ule ule wa Ithaca, mwaka 1873, kijana mmoja aliyekuwa akiingizwa Kappa Alpha alichukuliwa usiku akiwa amefungwa kitambaa machoni, akaanguka bondeni akafa. Tangu wakati huo orodha haikukoma: waliokufa kwa kunyweshwa pombe, waliopigwa kwa vibao, waliokimbizwa uchi katika baridi, na vyama vya weusi, ambavyo vingepaswa kuwa vya mwisho kumpiga mtu kwa jina la kumfanya ndugu, navyo havikusalimika. Mwaka 1990 baraza lao la pamoja lilifuta kipindi kizima cha majaribio ya wageni, na wasiotii wakayahamishia gizani. Mwezi Desemba 2024 rais wa Marekani alitia sahihi sheria inayovilazimisha vyuo kutangaza hadharani visa vya namna hii. Kuna aibu nyingine isiyoua mtu: Franklin Frazier, katika kitabu chake kuhusu mabwanyenye weusi, aliwalaumu watu wa tabaka lake kwa kupoteza mali katika karamu na madaha huku jamaa zao wakiishi katika ufukara, na vyama hivi hakuvinusuru. Lawama hiyo haijachakaa.

Kijana aulizaye leo kama ajiunge, mimi ningemtuma akatazame daftari la fedha kabla ya kutazama nyumba, na awaulize waliohitimu miaka ishirini nyuma wanakutana kwa ajili gani. Wapo watakaomwonyesha picha za karamu. Wapo pia watakaoweza kumwonyesha jambo kama hili: Martin Luther King aliingizwa Alpha Phi Alpha mwaka 1952, alipokuwa akisomea udaktari wa theolojia huko Boston, mwaka 1984 wanachama wenzake walitoa rai ya kumjengea ukumbusho Washington, Bunge likatoa idhini mwaka 1996, na kuchangisha fedha na kushindana na kamati za serikali juu ya kila jiwe kukachukua miaka kumi na mitano mingine. Uzinduzi uliwekwa tarehe 28 Agosti 2011, siku aliyotoa hotuba yake kuu mwaka 1963, lakini tufani ya Irene iliuzuia, na sherehe ikafanyika tarehe 16 Oktoba.